Watoto wadogo, jua kali na bustani ya burudani: mwongozo wa kuimaliza siku bila mtoto kuzidiwa na joto

Niseme mapema, huu mwongozo ni wa wenye watoto wa chini ya miaka sita hivi, wale ambao joto likiwazidi hawakwambii mama nasikia joto, wanasema nibebe, au wanagoma kutembea, au wanamzaba ndugu yao kofi bila sababu yoyote alafu wanalia wao. Wazazi wengi tunadhani ni deko. Mara nyingi sio deko, ni mwili umeanza kuchemka.

Sababu yenyewe ni hivi. Mtoto mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na uzito wake, kwa hiyo joto la nje linamwingia haraka, alafu jasho analotoa ni kidogo kuliko lako, na akiwa kwenye michezo hakumbuki kiu kabisa. Ongeza na kimo chake, yeye yuko karibu na lami, na lami iliyopigwa na jua inatema joto kwenda juu, kwa hiyo hewa anayopumua yeye ni ya moto kuliko unayopumua wewe uliyesimama pembeni yake. Ukisema "mbona mi nipo sawa tu" hujapima chochote.

Hatua ya 1: kabla hujalipia tiketi

Angalia utabiri wa hali ya hewa, na usiangalie digrii peke yake, angalia na unyevu. Digrii 33 zenye unyevu mwingi zinaweza kumchosha mtoto kuliko digrii 36 za hewa kavu, kwa sababu jasho linapoza pale linapokauka, sasa hewa ikiwa imejaa maji jasho linabaki tu kutiririka na mwili haupoi. Programu nyingi za simu zina namba mbili, joto lenyewe na joto linavyosikika mwilini, we fuata hiyo ya pili.

Mtoto aliyekuwa na homa, kutapika au kuharisha siku mbili tatu zilizopita, ahirisha. Najua inauma, watoto wameshaambiwa, lakini huyo anaanza siku akiwa tayari ana upungufu wa maji. Mwenye selimundu (sickle cell) ongea na daktari wake kwanza maana kukaukiwa na maji kunaweza kumletea maumivu makali, na hata kuruka ghafla kwenye maji ya baridi sana kunaweza kumwamshia. Kama anatumia dawa yoyote uliza pia, baadhi ya dawa za mzio zinapunguza jasho na hakuna anayekwambia.

Kama mnatoka sehemu ya baridi kwenda ya joto msiweke bustani siku ya kwanza. Mwili unahitaji kama wiki moja mpaka mbili kuzoea joto, hamtakuwa na muda wote huo, ila hata siku mbili za kucheza nje kidogo kidogo asubuhi na jioni zinasaidia.

Alafu soma masharti: tiketi inaruhusu kutoka na kurudi siku hiyo hiyo? chupa za maji zinaingia? chumba cha huduma ya kwanza kiko wapi kwenye ramani? Hilo la kutoka na kurudi kwangu ndo la muhimu kuliko mengine yote, utaona mbele. Na mpime mtoto urefu nyumbani akiwa na viatu vyake, ili ujue kabisa bembea zipi atapanda na zipi hapandi, kuliko kuja kusimama dakika arobaini juani ndo mwambiwe huyu bado mfupi.

Hatua ya 2: usiku wa kuamkia safari

Chupa za maji jaza nusu, zilaze kwa ubavu kwenye friza, asubuhi ongezea maji ya kawaida juu ya barafu. Ukijaza pomoni na kugandisha chupa itapasuka, na hata isipopasuka utatembea na bonge la barafu ambalo halinyweki mpaka saa saba mchana.

Nguo ziwe nyepesi, za kupwaya, rangi ya kung'aa. Na hapa kuna kitu watu hawakifikirii, kama kuna sehemu ya maji, nguo ya kuogelea isiwe ya bluu, nyeupe wala kijivu, kwa sababu mtoto akizama huoni kitu, rangi inamezwa na maji. Chungwa kali, njano kali, pinki ile ya kuumiza macho, hizo ndo zenyewe. Kofia iwe pama yenye ukingo unaozunguka kichwa chote, kapelo inaacha masikio na kisogo vinaungua.

Begini: taulo ndogo mbili za kulowanisha, chupa ya kupulizia maji (hii ni dhahabu), losheni ya jua, nguo za kubadili kila mtoto, viatu vya kufunika vidole, pampasi za akiba, pakiti mbili za ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa aliyepungukiwa maji), kipimajoto, na vitafunwa vyenye maji kama matunda pamoja na kitu chenye chumvi kidogo. Chokoleti acha nyumbani, utakuja kunishukuru ukiona mabegi ya wenzio.

Hatua ya 3: asubuhi kabla ya kutoka mlangoni

Losheni ya jua inapakwa nyumbani, ngozi ikiwa kavu, dakika 15 mpaka 30 kabla ya kutoka, SPF (namba ya nguvu ya kinga, imeandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi. Sio getini ambako mtoto ameshaona bembea na anajinyonganyonga kama samaki. Paka masikio, shingo nyuma, juu ya miguu, mstari wa nywele zilipogawanyika. Kila masaa mawili unarudia, na akitoka majini au akitoa jasho sana unarudia hata kama masaa mawili hayajafika. Mawingu yasikudanganye, miale inapita humo humo, na ngozi nyeusi nayo inaungua, inachukua tu muda zaidi kuonekana. Mtoto wa chini ya miezi sita kinga yake iwe kivuli na nguo, losheni sio kwa ajili yake mpaka daktari aseme.

Mpige picha. Kweli, picha ya leo, mzima mzima kuanzia kofia mpaka viatu. Akipotea, akili yako haitakumbuka alivaa nini, nakuhakikishia, utabaki unasema alivaa tisheti, tisheti gani, tisheti tu. Namba yako ya simu iandike kwenye mkono wake kwa peni ya wino usiofutika, au kwenye bangili ya karatasi. Jina lake usiliweke mahali pa kusomeka na kila mtu, maana mtu asiyemjua akimwita kwa jina mtoto anaona huyu ananijua.

Hatua ya 4: panga siku kwa kufuata jua

Jua linaumiza zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Kwa hiyo fikeni geti likifunguliwa, michezo ya nje yote yenye foleni ndefu malizeni masaa mawili ya mwanzo, ikifika saa tano hamieni kwenye vitu vya ndani vyenye kiyoyozi, maonyesho, treni za ndani, sehemu ya kula. Saa sita mpaka saa kumi, kama tiketi inaruhusu, tokeni kabisa. Mkalale. Mrudi saa kumi watu wengine wamechoka wanaondoka, foleni zimepungua, jua limelegea, na mtoto wako ni mpya.

Najua utasema nimelipa hela yangu nitoke katikati ya siku? Ndio. Hiyo tiketi imeshalipwa, mtoto kukaa juani saa saba mchana hakuirudishi. Mi mwenyewe mara ya kwanza niligoma kutoka, nikasema tutakomaa mpaka jioni, matokeo yake kuanzia saa nane hakuna aliyepanda kitu chochote, tulikaa chini ya mti tunagombana, wa miaka minne kalala kwenye benchi na mdogo wake analia mfululizo.

Foleni ndo sehemu mbaya kuliko zote kwa joto, mbaya kuliko hata kutembea, kwa sababu mmesimama, hakuna upepo, watu wamebanana. Kama mko wakubwa wawili mmoja apange foleni na mwingine akae na watoto kivulini mpaka ikaribie, ila waulizeni wahudumu kwanza kama wanaruhusu kuunganika mbele. Bustani nyingi kubwa zina utaratibu wa wazazi kupokezana, mmoja anapanda mwingine anabaki na mtoto aliye mfupi, alafu wanabadilishana bila kupanga foleni upya. Kwenye bustani za Disney wanauita Rider Switch. Hauna malipo ya ziada, lakini lazima umwambie mhudumu pale mwanzo wa foleni, sio ukishafika mwisho.

Na mkisikia radi, hakuna kusubiri iishe chini ya mti. Ingieni ndani ya jengo.

Hatua ya 5: maji

Usimuulize "una kiu?" atasema hapana. Mpe tu, mafunda machache kila dakika 15 au 20, weka alamu kwenye simu kama unajijua unasahau. Mkojo ndo kipimo chako, ukiwa wa njano iliyopauka sana mambo ni mazuri, ukiwa wa njano iliyokolea kama chai ya rangi umechelewa. Anayevaa pampasi, ukiona masaa sita yamepita pampasi kavu, simamisha shughuli zote na ushughulikie hilo.

Kichanga wa chini ya miezi sita hapewi maji matupu, hata kukiwa na joto la namna gani. Anyonye mara nyingi zaidi, au maziwa ya kopo mara nyingi zaidi, kwa kipimo kile kile cha kuchanganya, usiongeze maji ili yawe mepesi. Maji mengi matupu yanashusha chumvi kwenye damu ya kichanga na inaweza kumletea degedege. Na mama anayenyonyesha naye anywe, mnasahaulika sana.

Soda na juisi za sukari sio maji. Moja kwa kufurahisha siku sawa, lakini isiwe ndo kinywaji chake. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini visiguse mdomo wa mtoto.

Hatua ya 6: kigari, na kosa nililofanya mimi

Hapa nikae kidogo. Mtoto wangu wa pili alikuwa na miezi tisa, kalala kwenye kigari, jua linampiga miguuni, nikachukua kitambaa chepesi kabisa, chepesi unaona mpaka upande wa pili, nikafunika kigari chote kwa mbele. Nikajiona mzazi wa maana. Kama dakika ishirini baadaye nikaingiza mkono, humo ndani kulikuwa kama oveni, mtoto kalowa jasho kichwa kizima, uso mwekundu. Aliamka vizuri, alinyonya, akawa sawa, lakini mi miguu ilinitetemeka mpaka jioni.

Kinachotokea ni kwamba kitambaa kinazuia hewa kuzunguka, joto linaingia halitoki, na juu ya hilo humwoni mtoto. Hata kiwe chepesi vipi. Badala yake tumia kile kifuniko cha kigari chenyewe na mwamvuli wa kubana, pande ziachwe wazi hewa ipite, geuza kigari jua liwe mgongoni, na feni ndogo ya betri ifungwe mbali na vidole vyake. Feni ipulize ngozi iliyolowanishwa, maana hewa ikishapita digrii 35 hivi feni peke yake inampulizia tu joto. Pulizia maji, alafu feni, hapo inapoza kweli.

Kila dakika chache weka mkono nyuma ya shingo yake au kifuani. Mikono na miguu ya mtoto inadanganya.

Ukimbeba kwa mbeleko kifuani, miili miwili inachemshana, mtoe kila baada ya muda, uso wake uonekane na kidevu kisilale kifuani. Na usitundike mabegi yote kwenye mshikio wa kigari, ukimtoa mtoto kigari kinapinduka kwa nyuma, na siku mtoto akiwa ndani kitapinduka naye.

Hatua ya 7: vitu vinavyounguza

Kabla mtoto hajakaa, shika wewe kwanza kwa nyuma ya kiganja, hesabu mpaka tano. Kama huwezi kuvumilia, yeye hakai. Chuma kila mtu anaogopa, lakini plastiki ya mteremko na zile sakafu laini za mpira chini ya bembea zinaunguza vile vile, na ngozi ya mtoto wa chini ya miaka miwili ni nyembamba, inaungua ndani ya sekunde. Peku asitembee, hata "hapo tu karibu". Kigari kilichoachwa juani, shika vile vibano vya mkanda kwanza.

Hatua ya 8: sehemu ya maji

Watu wakifika kwenye maji wanapumua, joto limeisha, wanatoa simu. Hapo ndo pa kuwa macho zaidi. Mtoto anayezama hapigi kelele wala harushi mikono kama kwenye sinema, anazama kimya, na anaweza kuzama kwenye maji yanayofika kifundo cha mguu. Awe umbali ambao ukinyoosha mkono unamshika. Yale maboya ya kupuliza ya mikononi ni midoli, yanachomoka, chukua jaketi la kuokolea maisha lenye saizi yake, bustani nyingi za maji zinayo hapo hapo. Mkiwa wakubwa wengi ndo hatari zaidi, kila mmoja anajua mwenzake anaangalia. Wekeni zamu, dakika 15 mtu mmoja, simu anampa mwingine, akimaliza anasema kwa mdomo "sasa zamu yako". Mwokoaji aliyekaa kwenye kiti kirefu yuko na watoto mia, wewe uko na wako.

Majini pia anakauka na anaungua, baridi ile inaficha tu. Kunywa maji kule kule, losheni kule kule. Na yale maji ya chemchemi za kurukaruka yanazunguka ni yale yale, mfundishe asiyanywe.

Hatua ya 9: bembea na mashine

Kipimo cha urefu sio dharau. Vile vyuma na mikanda vimetengenezwa kwa mwili wa kimo fulani, mtoto mfupi anaponyoka. Kumwekea karatasi ndani ya viatu ili afike mstari nimeona kwa macho yangu, na sina maneno. Akilia mlangoni akisema hataki, toka naye, mtoto mwenye hofu anaweza kujaribu kusimama au kuteleza chini ya mkanda ikishaanza kwenda. Mikono ndani, mgongo kwenye kiti, hakuna kushuka mpaka mhudumu aseme. Na akiwa na kizunguzungu au ametoka kula, subirini.

Hatua ya 10: akipotea

Mkiingia tu mwonyeshe mhudumu: "unaona huyu, nguo hii na kitambulisho hiki, ukiniona sipo nenda kwa mtu kama huyu". Mhudumu akiwa hayuko karibu, amtafute mama mwenye watoto. Zaidi ya hapo asimame pale pale alipo, asikutafute, mtafute wewe. Ukigundua hayupo, sema kwa sauti, taja nguo, usione aibu, mmoja abaki mlipomuona mwisho, na mwambie mfanyakazi ndani ya dakika ile ile. Anza kutafuta kwenye maji kwanza kama kuna maji karibu.

Hatua ya 11: dalili, na unafanya nini

Ngazi ya kwanza ni uchovu wa joto: jasho jingi, ngozi imepauka na ina unyevunyevu, kichwa kinauma, kichefuchefu, misuli inakaza, amelegea au amekuwa mkorofi ghafla. Mpeleke kivulini au kwenye kiyoyozi, punguza nguo, mlowanishe maji mwili mzima na umpepee, mpe maji au ORS kidogo kidogo. Anatakiwa awe anarudi hali yake ndani ya nusu saa. Akirudi, siku imeisha, nendeni mkapumzike, msirudi kwenye foleni "moja tu ya mwisho". Asiporudi, nenda huduma ya kwanza.

Ngazi ya pili ni kiharusi cha joto, na hii inaua. Joto la mwili digrii 40 au zaidi, anaongea vitu havieleweki, hakutambui, analala hovyo haamki vizuri, degedege, amezimia. Usisubiri kuona kama ngozi ni kavu, wengine wanakuwa bado wanatoka jasho. Mtu mmoja aite msaada wa dharura na wahudumu, mwingine aanze kumpoza pale pale, usisubiri gari lifike ndo uanze. Mvue, mmwagie maji ya baridi, pepea kwa nguvu, barafu iliyofungwa kwenye taulo weka shingoni, kwapani na kwenye nyonga. Kama hayuko macho vizuri usimpe kitu mdomoni. Akitapika au akipata degedege mlaze ubavu. Na paracetamol haisaidii hapa, hii sio homa ya ugonjwa, mwili umeshindwa kujipoza, dawa itakupotezea tu muda.

Hatua ya 12: kurudi kwenye gari

Mmechoka, mabegi mengi, watoto wamelala. Fungua milango yote, washa kiyoyozi, shika vibano vya mikanda kwanza, ndo wapandishe. Hakuna mtoto kubaki ndani ya gari "nakimbilia choo mara moja", gari lililosimama juani linaweza kupanda digrii kama 10 ndani ya dakika 10, kufungua dirisha kidogo hakubadilishi kitu cha maana, na mwili wa mtoto unapanda joto mara tatu mpaka tano haraka kuliko wako. Wahesabu kwa kuwagusa. Gari likifika nyumbani wahesabu tena, alafu lifunge, watoto wanapenda kurudi kwenye gari kufata mdoli waliousahau.

Usiku oga maji ya vuguvugu kuelekea baridi, angalia mabega na masikio kama yameungua, wape maji kabla ya kulala, na hakikisha kila mmoja amekojoa. Yule ambaye hajakojoa tangu mchana usimwache alale mpaka amekunywa, na kama anakunywa na bado hakojoi, au amelegea, au anatapika, hospitali usiku huo huo.